Bogoria: Usikanyage Ardhi Nyeupe

Kama umepanga kwenda Ziwa Bogoria likizo hii, na hasa kama utakwenda na watoto, soma haya kabla hujanunua trei ya mayai. Ninaandika sasa, shule hazijafungwa na mabasi ya ziara hayajajaa, kwa sababu mtoto akishaungua pale ukingoni hakuna maneno yatakayomfaa.

Desturi yenyewe wengi wetu tunaijua. Mgeni anafika kwenye chemchemi za Loburu, upande wa magharibi wa ziwa. Anatia mayai kwenye mfuko au kikapu kidogo kilichofungwa kwenye kijiti, anayatumbukiza kwenye maji yanayofuka mvuke, na baada ya dakika chache anayatoa yameiva. Chumvi inatolewa, picha zinapigwa, watoto wanashangilia. Wengine huja na mahindi au viazi. Ni raha ya bei nafuu, na kwa familia iliyotoka Nakuru au Eldoret kwa siku moja ndiyo sehemu ya safari inayosimuliwa nyumbani wiki nzima.

Sasa litazame jambo hilo kwa jicho la jikoni. Hakuna mzazi nimjuaye ambaye angeweka chini sakafuni sufuria kubwa ya maji yanayotokota, bila kifuniko, sakafu yenyewe ikiwa na utelezi, kisha akamwita mtoto wa miaka mitano aje achungulie. Nyumbani tungemfokea mtu wa namna hiyo. Bogoria tunafanya hivyo hivyo, tena tunamwambia mtoto asogee kidogo ili aonekane vizuri kwenye picha. Nimewaona kwa macho yangu wazazi wenye akili timamu, watu wanaofunga mkanda wa gari na kuchemsha maji ya kunywa, wakiwa wamesimama na mgongo kwenye kidimbwi huku mtoto mchanga yuko begani. Hawakuwa wazembe. Hakuna aliyewaambia wako wapi.

Wako mahali ambapo maji ya chemchemi kali kabisa hukaribia nyuzi 98 za Selsiasi. Bogoria iko mita 990 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 97. Kwa hiyo maji yale makali yanatoka ardhini yakiwa tayari yamevuka kiwango cha kuchemka. Ndiyo maana hayatulii. Hububujika, hunyamaza, halafu huruka ghafla, pengine mita kadhaa juu, na upepo wa ziwani ukibadilika matone huangukia upande ambao dakika moja iliyopita ulikuwa salama kabisa.

Linganisha na joto tunaloliona la kawaida. Maji ya kuoga yanayokufanya urudishe mkono kwa kasi mara nyingi hayajafika nyuzi 50. Maji ya nyuzi 60 humuunguza mtu mzima jeraha la kina kwa sekunde tano hivi. Yakifika nyuzi 70, sekunde moja inatosha. Kwenye nyuzi 90 na zaidi hakuna muda wa kuhesabu: mguu ukiingia umekwisha kuungua kabla hujaanza kuutoa. Kiatu na soksi hazisaidii, huongeza madhara, kwa sababu kitambaa hunywa maji ya moto na kuyashikilia juu ya ngozi wakati wewe unahangaika na kamba za viatu. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu na huungua upesi zaidi. Madaktari huanza kuhofia hali ya mtoto, na kumtundikia maji, pindi majeraha yanapozidi sehemu ya kumi ya ngozi yake. Mguu mmoja tu wa mtoto unapita kiasi hicho.

Joto hilo lilikuwepo tangu kale, na mtu anaweza kuniuliza kwa nini nihangaike leo. Ninahangaika kwa sababu ufuo si ule tena.

Tangu mwaka 2011 hivi, maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya yamekuwa yakifura: Baringo, Bogoria, Nakuru, Elementaita, Naivasha, hata Turkana kule kaskazini. Yalipungua kidogo katikati, kisha mwaka 2020 yakapanda tena kwa kiasi cha kuhamisha maelfu ya watu na kufunika mashamba, shule na hoteli. Bogoria, ziwa jembamba lenye urefu wa kilomita 34 hivi, lilimeza lango lake la Loboi pamoja na majengo ya pale. Lilifunika sehemu ya barabara iliyokuwa ikifuata ukingo. Na chemchemi nyingi za Loburu, zile ambazo vizazi vya wanafunzi wa shule za msingi walipanga mstari kuzitazama, zilizama.

Chemchemi iliyozama haijazimika. Iko pale pale, inasukuma maji yake makali kutoka chini, ila juu yake sasa limetanda ziwa. Mtu anayetembea na maji ya kifundo cha mguu akitafuta pembe nzuri ya picha anaweza kutoka kwenye maji vuguvugu akaingia kwenye mdomo wa chemchemi kwa hatua moja. Utaambiwa utazame mapovu. Mapovu si kipimo. Mengi yanayopanda Bogoria ni gesi ya kaboni dayoksaidi, na hutokea hata mahali ambapo maji hayajachemka. Kwa upande mwingine, vipo vidimbwi vilivyotulia, vya buluu na vya kuvutia, ambavyo havitoi povu hata moja na vingekuchuna ngozi.

Usitegemee heroe pia, hao ndege wa waridi ambao wengi tunawaita flamingo. Hupenda kukusanyika kwenye mikondo inayotoka kwenye chemchemi kwa sababu wanahitaji maji yenye chumvi pungufu ya kunywa na kuoshea manyoya, maana ziwa lenyewe lina magadi makali. Mguu wa heroe umefunikwa na magamba magumu. Kumwona amesimama mahali si ushahidi kwamba mguu wako utapaweza. Ninalisema hili kwa sababu picha ambayo kila mtu anaitaka ni ile yenye heroe kwa mbele na mvuke kwa nyuma, na ili kuipata watu huacha njia.

Ziwa likirudi nyuma hatari haiishi, hubadilika sura. Maji yanayopungua huacha tope laini juu ya ardhi iliyokuwa na matundu ya moto. Tope hilo hukauka juu, likapasuka vizuri kama la shamba lolote, na chini yake bado ni uji wa moto. Kwa hiyo yule ndugu anayesema, “Mimi nimekuja hapa tangu nikiwa darasa la sita, napajua,” ndiye ninayemhofia kuliko mgeni wa mara ya kwanza. Anachokijua ni ramani ya ufuo ambao haupo.

Sasa nije kwenye ardhi nyeupe yenyewe. Mvua inayonyesha kwenye kuta za Bonde la Ufa hupenya kwenye nyufa za miamba, ikashuka hadi kwenye mawe yenye joto, ikapanda tena ikiwa imebeba madini yaliyoyeyuka. Maji yakifika juu na kuanza kupoa, madini huganda. Huacha ganda jeupe, mahali pengine la kijivu au la rangi ya kutu, linalozunguka kila kidimbwi. Ganda hilo hukua kutoka ukingoni kuelekea katikati, likatanda juu ya maji bila kitu chochote cha kulishikilia kwa chini. Ukisimama juu yake unajiona uko nchi kavu, kumbe umesimama juu ya paa. Unene wa paa hilo huwezi kuujua kwa macho. Pengine ni wa kubeba gari, pengine haubebi hata mbuzi. Na aliyetangulia akipita salama, hajakuthibitishia kitu: huenda uzito wake ndio ulioacha ufa unaokusubiri wewe. Fikiria basi ile picha ya pamoja, watu kumi wamebanana ukingoni, wa nyuma wakiombwa warudi hatua moja.

Marekani, kwenye hifadhi ya Yellowstone, serikali imejenga njia za mbao juu ya ardhi ya aina hii na kusimamisha mabango kila mahali. Hata hivyo watu zaidi ya 20 wamekwisha kufa kwa maji ya moto kule tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwishoni mwa karne ya 19. Vifo viwili vinastahili kusimuliwa, maana vinafanana sana na mambo ninayoyaona kwetu. Julai 1981, mbwa aliponyoka kwenye gari akajitosa kwenye kidimbwi kiitwacho Celestine, chenye maji ya nyuzi 94. Kijana wa miaka 24 akajitupa kumfuata. Watu walimpigia kelele asiingie. Alitoka akitembea kwa miguu yake mwenyewe, akafa siku iliyofuata. Sasa mweke mtoto mahali pa mbwa, na useme ni mzazi gani asingejitupa. Kijana wa pili ni wa Juni 2016. Aliacha njia ya mbao pamoja na dada yake, katika eneo la Norris, wakitafuta kidimbwi cha kuogea. Aliinama kupima joto la maji, akateleza. Kesho yake waokoaji waliporudi hawakupata mwili wa kuzika, kwa kuwa maji ya kidimbwi kile ni ya moto na pia yana asidi kali. Maji ya Bogoria ni ya magadi, si ya asidi. Kuungua ni kule kule.

Huyo wa pili alikufa akipima kwa mkono. Nalisisitiza hilo kwa kuwa ndivyo tunavyofanya sote: tunainama, tunanyoosha kidole. Anayechemsha mayai naye anainama, tena akiwa na mzigo mkononi, kwenye ukingo uliolowa maji yaliyomwagika kutoka kwenye vikapu vya waliomtangulia.

Kuna jingine linalofanywa na vijana hasa, la kutupa mawe, chupa na takataka kwenye matundu ili kuona kitakachotokea. Acheni. Kule Waiotapu, New Zealand, wahudumu hutia sabuni kila asubuhi kwenye chemchemi iitwayo Lady Knox mbele ya watalii, na maji yake huruka juu sana hewani. Sabuni kidogo tu. Maji yaliyokaa kwenye mpaka wa kuchemka hayahitaji uchokozi mkubwa, na aliyeyachokoza ndiye aliye karibu.

Mwalimu, hapa nazungumza nawe moja kwa moja. Unaleta basi zima la wanafunzi na mko watu wazima watatu au wanne, mmoja wenu ni dereva aliyechoka. Watoto wametoka alfajiri, wamekaa kwenye viti saa nyingi, mlango ukifunguliwa wanamwagika. Sekunde hizo za kwanza ndizo zinazonitia hofu kuliko ziara nzima. Zungumza nao kabla ya kufika langoni, basi likiwa bado linatembea na wote wamekaa. Wasishuke mpaka kiongozi wa wageni awe amefika mlangoni na kuonyesha pa kupita. Wateremke kwa makundi madogo, kila kundi na mtu mzima wake, na mtu mzima huyo atembee upande wa maji. Wote wavae viatu vilivyofungwa, si kwa sababu vitawakinga na kuungua bali kwa sababu kandambili huteleza. Mayai, kama ni lazima, yachemshwe na kiongozi peke yake, kisha yaletwe kwa watoto kule walikokaa, mbali, kivulini. Watakula mayai yale yale yenye ladha ile ile. Watakachokosa ni kuchungulia tu.

Na shule isiyoweza kupata watu wazima wa kutosha iahirishe. Ni bora barua ya kuomba radhi kwa wazazi.

Kuhusu viongozi wa wageni nina neno zaidi. Wenyeji wa Bogoria ni jamii ya Waendorois. Waliondolewa kwenye ardhi yao miaka ya 1970 hifadhi ilipotengwa, wakashitaki, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaamua kwa upande wao. Umoja wa Afrika uliukubali uamuzi huo Februari 2010. Kwao ziwa hili ni mahali patakatifu. Wanaamini kwamba roho za Waendorois wote, popote walikozikwa, huishi humo ziwani. Mtu aliyekulia katika imani hiyo hachezi ukingoni, wala hapigi kelele akirukaruka, na adabu hiyo imeokoa watu kwa miaka mingi kuliko bango lolote. Kijana wa kijiji cha Loboi au cha Maji Moto anajua ni wapi palizama mwaka gani, wapi ng'ombe alitumbukia mguu, wapi ganda lilianguka baada ya mvua ya juzi. Ujuzi huo hauko kwenye kitabu cha mwongozo wala kwenye ramani ya simu. Mlipe, na umsikilize. Akikuambia “hapo hapana”, simama kwanza, maswali yafuate. Nasikitika kila nikiona familia iliyolipia mafuta, chakula na kiingilio ikibishana juu ya malipo ya kiongozi.

Tuseme ajali imetokea. Yafuatayo yashike kichwani au uyaandike kwenye simu kabla ya safari, kwa sababu pale mtandao si wa kutegemewa.

Aliyeungua anahitaji kupozwa kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Ni dakika 20 kamili, hata akilia, hata akisema maumivu yamepungua. Tatizo ni kwamba ukingoni pale hakuna bomba, na maji ya ziwa hayafai: yana magadi makali, na karibu na chemchemi ni ya moto. Maana yake maji ya kumwokoa mtoto wako ni yale uliyokuja nayo kwenye gari. Chukua mtungi wa lita 20 wa maji safi, au miwili, uuweke kivulini, usiufungue kwa ajili ya kunawa mikono. Ukimimina polepole, lita moja kwa dakika, mtungi mmoja unatosha kwa mguu mmoja. Basi la shule lichukue mitungi mingi zaidi.

Mvue viatu, soksi, bangili, saa na nguo zilizolowa maji ya moto, isipokuwa zilizogandamana na ngozi, hizo ziache. Poza jeraha, lakini mfunike sehemu nyingine za mwili asipatwe na baridi, hasa mtoto mdogo. Baada ya dakika 20 funika jeraha bila kukaza, kwa plastiki safi ya kufungia chakula au leso safi iliyofuliwa. Usipake chochote. Hapa bibi zetu watanisamehe: dawa ya meno, siagi, mafuta, unga wa ngano, asali na yai bichi huziba joto ndani, huleta vijidudu, na daktari hulazimika kukwangua vitu hivyo mtoto akipiga mayowe. Barafu nayo hapana. Malengelenge yasipasuliwe.

Piga 999 au 112, au namba ya bila malipo ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199. Hospitali ya kukimbilia iko Marigat, kaskazini. Majeraha makubwa yatapelekwa Kabarnet au Nakuru, na kutoka Marigat hadi Nakuru ni karibu kilomita 100. Gari liwe na mafuta ya kufika huko. Anayeendesha asiwe ndiye baba wa mtoto ikiwa kuna mwingine awezaye.

Na mtu akitumbukia kidimbwini? Usiingie. Najua ninachokiomba ni kizito. Mnyooshee fimbo, kamba, shuka, mkanda, chochote kirefu, ukiwa umelala kifudifudi juu ya ardhi imara, mtu mwingine amekushika miguu. Ukijitosa, waliobaki watakuwa na watu wawili wa kutoa, na watoto wako wengine watakuwa wamesimama pale wakitazama.

Wapo wanaokwenda Bogoria kutafuta tiba. Maumivu ya viungo, ngozi inayowasha, uchovu wa mwili. Husikia kwamba maji yale yanaponya. Kujiloweka kwenye maji ya joto la wastani, katika bwawa lililojengwa na kupimwa joto lake, kunaweza kweli kulegeza misuli na kumpa mtu nafuu. Lakini mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi asitie miguu kwenye maji kabla mtu mwingine hajayapima kwa kipimajoto, kwa sababu yeye ataungua asijue. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo azungumze kwanza na daktari wake, na mama mjamzito aache kabisa maji ya moto sana. Maji ya chemchemi wala ya ziwa yasinywewe, hata kidogo, hata yakisifiwa: yana magadi na floridi kwa wingi unaodhuru.

Katika bwawa lolote linalotiliwa maji vuguvugu ya asili, weka kichwa juu ya maji. Kuna kidudu cha amiba kinachostawi kwenye maji yasiyo na chumvi yanapokuwa vuguvugu. Kikipenya puani kinaweza kupanda hadi kwenye ubongo, na karibu kila anayepatwa nacho hufa. Ni nadra sana. New Zealand, nchi iliyozoea chemchemi za moto, mabango kwenye mabwawa ya aina hiyo huwaonya watu wasizamishe vichwa. Kwa hiyo watoto wasipige mbizi, wala wasirushiane maji puani.

Wengi wakitoka Bogoria hupitia Ziwa Baringo jirani kula samaki. Tahadhari ya kule ni nyingine. Bogoria kwa magadi yake hamna samaki, na mgeni hakuzoea kuogopa mamba pale. Baringo ni maji baridi, lina samaki, mamba na viboko, nalo pia limefurika likaingia vichakani na kwenye majengo ya zamani. Usiingie majini, usiache mtoto achezee ukingoni jioni.

Simwambii mtu asiende. Bogoria iliwekwa kwenye orodha ya ardhi oevu ya Ramsar mwaka 2001, na mwaka 2011 UNESCO ikaitambua, pamoja na Nakuru na Elementaita, kuwa urithi wa dunia. Wanastahili kuiona watoto wetu kabla ya watalii wa mbali. Siku heroe wanapokuwa wengi, ukingo mzima hugeuka waridi na mlio wao husikika kabla hujawaona. Mahali umbali wa mita 20 au 30 kutoka kwenye chemchemi, pale kiongozi atakapokuonyesha, utaona mvuke wote, utasikia ngurumo zote, na miguu yako itakuwa juu ya mwamba.

Kwa wenye hoteli, wenye magari ya ziara na wote waliokabidhiwa hifadhi: ufuo unapohama, mabango yahame nao. Kila msimu wa wageni ufunguliwe kwa mtu anayejua kazi yake kutembea ukingo wote na kuweka kamba upya mahali panapofaa leo, si mahali palipofaa mwaka uliopita. Maji ya kupozea majeraha yawekwe karibu na Loburu, kwenye tangi, na kila kiongozi afundishwe zile dakika 20. Hayo hayahitaji bajeti ya taifa.

Na kwa mwenye simu: video za watu wakichemsha mayai ukingoni zimejaa mitandaoni, na kila inayosambazwa huleta wengine kumi watakaotaka kusimama pale pale, na kusogea kidogo zaidi ili ya kwao ipendwe zaidi. Kama unayo ya namna hiyo, usiitume bila onyo. Tuma onyo hili kwanza, kwenye kundi la wazazi wa darasa, kwenye kundi la kanisa, kwa mjomba anayepanga safari ya ukoo.

Mzazi mwenzangu, mwalimu, dereva: shikeni watoto mkono. Mkono kwa mkono, tangu wanaposhuka garini mpaka wanapopanda tena, na asiachiwe hata mmoja kwa ajili ya picha.